WhatsApp Business, tili na jedwali moja: zana za anayeuza kutoka nyumbani Lamu

Ukipita Usita wa Mui kutoka Langoni hadi Mkomani, huwezi kujua ni nyumba ipi nyuma ya maduka inachoma vileja, ipi inatia achari na ipi inashona kofia za vito. Hakuna kibao mlangoni, na mara nyingi mwenye kuuza hataki kibao. Mteja huelekezwa na jirani, hupewa nambari ya simu, basi. Biashara yote inakaa ndani ya simu hiyo, na ndiyo sababu zana zake zinastahili kukaguliwa kama mtu anavyoikagua oveni kabla ya kutoa pesa.

Tumezipima zana sita: WhatsApp Business, njia mbili za kupokea M-Pesa, yaani Pochi la Biashara (pochi ya biashara kwenye laini ya simu yako) na tili (nambari ya muuzaji ya Lipa na M-Pesa), kisha Google Sheets ya kuwekea hesabu, Canva ya bure ya kutengenezea matangazo na Google Business Profile, ukurasa wa biashara yako kwenye Google. Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii. WhatsApp Business ni hodari wa mazungumzo na hajui hesabu. Tili ni nafuu kuliko Pochi kwa mteja, ila Pochi hufunguliwa upesi zaidi. Sheets ndiyo inayoziba pengo lililo kati ya oda na pesa, na pengo hilo ndilo linalokula faida ya biashara nyingi za nyumbani. Canva ina kazi ndogo kuliko sifa zake. Google unaweza kuiweka kando mpaka uanze kuwauzia wageni.

Laini kwanza, programu baadaye

WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018 na ni ya bure. Kwenye simu ya laini mbili inakaa vizuri pamoja na WhatsApp ya kawaida, mradi kila moja iwe na nambari yake. Nambari moja haiwezi kufanya kazi kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nunua laini mpya ya biashara. Ukitumia nambari ya nyumbani, ujumbe wa oda utazama chini ya kundi la familia na kundi la madrasa, na siku mtoto akishika simu atamjibu mteja kwa picha ya paka.

Aliyekwisha kuigawa nambari yake ya zamani kwa watu wengi anaweza kuihamishia Business, na mazungumzo yatakuja nayo. Afanye nakala ya akiba kwenye Google Drive kabla ya kuhama. Akitaka kurudi baadaye, katalogi, lebo na majibu ya haraka havitamfuata.

Kabla ya kuweka bidhaa hata moja, fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke pini ya tarakimu sita. Wezi wa akaunti wana mchezo mmoja tu: wanaandikisha nambari yako kwenye simu yao, halafu wanakupigia kwa sauti ya upole wakuombe "ile nambari ya uthibitisho iliyokuja kimakosa". Ukiwa na pini hiyo, nambari ya uthibitisho peke yake haiwafikishi popote. Na jihadhari na zile WhatsApp za kuchezewa kama GB. Kampuni huwafungia wanaozitumia, na akaunti ikifungwa wiki ya mwisho ya Ramadhani hakuna wa kumlilia.

Katalogi: ishirini zinatosha

Katalogi inapokea bidhaa hadi 500, kila moja na picha zisizozidi kumi. Mpishi wa nyumbani hahitaji hata ishirini. Kinachohitajika ni majina yasiyo na ubishi. Ukiandika "Vileja, paketi", kila mteja ana paketi yake kichwani. Andika "Vileja, mkebe wa gramu 500". Achari iandikwe kwa ujazo wa chupa na kiwango cha pilipili. Kofia ya vito inahitaji kipimo cha kichwa kwa sentimita, na upimaji uelezwe: uzi uzungushwe juu ya masikio, kisha upimwe kwa rula. Bila maelezo hayo, watu hutuma kipimo cha kofia yao ya zamani iliyokwisha kulegea, na kofia ya mkono iliyoshonwa miezi inarudi kwa sababu ya kidole kimoja.

Weka bei. Programu inakuruhusu kuiacha wazi, na wauzaji wengi huiacha wakidhani watamvuta mteja aulize. Ataulizia kweli, pamoja na wengine thelathini, na jibu lilelile utaliandika mpaka Magharibi.

Kila bidhaa hukaguliwa na mitambo kabla ya kuonekana, na baadhi hukataliwa. Sera ya WhatsApp haitaki dawa, tumbaku, pombe wala wanyama hai. Kuku wa kienyeji aliye hai hatapita, na mafuta ya habbat sawdaa yaliyoandikiwa kwamba yanatibu sukari yanaweza kugonga ukuta huohuo. Ondoa neno la tiba, eleza kitu chenyewe, upeleke tena.

Mteja anaweza kutia vitu kwenye kapu na kulituma kama ujumbe, na jumla ya bei huonekana. Hapa ndipo watu huhadaika. Kapu haliijui stoo yako. Limebaki mkebe mmoja wa vileja, na watu watatu wanaweza kuutia kwenye makapu yao usiku uleule. Nauli ya kupeleka haimo ndani yake. Wala kapu halipokei pesa, kwani malipo ndani ya WhatsApp, kama yalivyo India na Brazil, hayapo Kenya. Mteja akishatuma kapu huhisi amenunua, ilhali wewe umeona ombi tu. Bidhaa ikiisha, ingia kwenye katalogi uifiche siku hiyohiyo. Ni miguso mitatu ya kidole, na hakuna mwingine wa kukufanyia.

Majibu ya haraka ndiyo mali yenyewe

Tungeambiwa tubakishe kitu kimoja tu katika programu hii, tungebakisha majibu ya haraka. Unaruhusiwa hadi 50, na kila moja huitwa kwa alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Matano yanabeba karibu kazi yote: la bei, la malipo, la saa, la njia na la kuthibitisha oda. La malipo liandikwe hivi:

"Ahsante sana. Jumla ni ___. Lipa kwa tili ___. Jina litakalotokea ni ___. Ukishalipa nitumie ujumbe wa M-Pesa wenyewe kwa maandishi, tafadhali, usitume picha ya skrini. Oda yako itaingia jikoni malipo yakionekana kwangu."

Maneno ya mwisho, "yakionekana kwangu", yana kazi yake, na tutayarudia kwenye hesabu.

Jibu la saa lina mtego wa hapa kwetu. Programu inahesabu kwa saa ya Kizungu: ukiandika kwamba unafunga 10:00, ndiyo saa nne asubuhi. Mama wa Mkomani akikuambia "nitumie saa mbili", anataka mahamri ya kiamshakinywa. Meneja wa nyumba ya wageni Shela, mtu wa bara, akiandika hivyohivyo huenda anakusudia saa nane mchana. Biriani limewahi kupoa mlangoni kwa jambo dogo kuliko hili. Basi kila jibu lenye saa liandikwe kwa njia zote mbili: "Oda za leo hufungwa saa nne asubuhi, 10:00. Kuchukua ni kuanzia saa kumi alasiri, 16:00." Mteja akitaja saa peke yake, mrudishie hivyohivyo kwa njia mbili kabla hujatia unga majini.

Ujumbe wa kukaribisha huenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Ufanye mfupi: salamu, linki ya katalogi, saa ya kufunga oda. Kuna pia ujumbe wa kutokuwepo, unaoweza kupangiwa saa zake, ambao unafaa sana nyakati za sala na usiku. Simu ikiwa nje ya mtandao haijibu chochote, hivyo bando likiisha usiku, mteja ataona kimya mpaka asubuhi.

Kuhusu njia, usitegemee pini ya ramani katika mitaa yetu. Kuta ndefu na vichochoro vyembamba huisumbua simu, na pini huruka nyumba mbili tatu. Ujumbe wa sauti wa sekunde ishirini unafaa zaidi: kutoka Mkunguni mbele ya Ngome, ingia kichochoro fulani, pita kisima, mlango wa pili wenye daka. Sauti hiyo ihifadhi na uisambaze kila inapohitajika.

Lebo ziko hadi 20, na tano huja na programu: mteja mpya, oda mpya, malipo yanasubiriwa, imelipwa, oda imekamilika. Hizo zinatosha. Kasoro yake ni kwamba lebo haina tarehe. Mazungumzo yenye lebo ya "imelipwa" hayakuambii kama mkate ni wa leo au wa harusi ya Ijumaa ijayo.

Orodha ya matangazo na stetasi

Orodha moja ya matangazo hubeba watu 256, na ujumbe huwafika wale tu waliohifadhi nambari yako. Wauzaji wengi hawalijui hili. Hutangaza kwa watu mia mbili, hujibiwa na kumi na watano, wakadhani soko limelala. Stetasi ina sharti kama hilo: anayeiona ni aliye kwenye simu yako nawe ukiwa kwenye yake. Dawa ni kwenye jibu la kuthibitisha oda: "Hifadhi nambari hii kwa jina la ___, ndipo upate taarifa za Ramadhani na Maulidi." Ombi hilo likija baada ya kununua hukubaliwa. Likija kabla, linanuka matangazo.

Kwa karatasi na vibandiko vya chupa tumia linki fupi: wa.me kisha mkwaju, kisha nambari ikianza na 254, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki, linki haifiki popote, na kosa hilo hugunduliwa baada ya vibandiko mia kuchapwa. Ijaribu kwanza kwenye simu ya mtu mwingine.

Jambo moja linaipa WhatsApp ubingwa juu ya tovuti yoyote hapa. Wateja wengi hununua bando la WhatsApp peke yake. Katalogi itafunguka ndani ya bando hilo. Ukiwapelekea linki ya tovuti au fomu ya Google, ukurasa unagoma, nao hawatakuambia sababu. Watanyamaza tu.

Picha, na Canva mahali pake

Nyumba zetu za mawe ni nene na giza, na mwanga wa taa ya jikoni hufanya vileja vionekane kama vimekaa wiki. Toka kiwandani mwa nyumba, yaani kwenye ua wa ndani, mnamo saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda lakini halijaangukia sakafuni. Sogeza bidhaa karibu na ukuta wa chokaa, kwani ukuta huo ndio kioo chako: hurudisha mwanga laini upande wenye kivuli. Chini tandika kitambaa cheupe kisicho na maua. Kanga ni nzuri mwilini, ila ndani ya picha itashindana na achari na kuishinda. Chupa ya achari ipigwe kutoka usawa wake, mafuta ya juu yaonekane. Vileja vipigwe kutoka juu, kimoja kikiwa kimevunjwa ili mteja aone ndani.

Canva ya bure inatosha kwa kazi mbili: kibandiko cha chupa na tangazo la stetasi. Fungua ukubwa wa 1080 kwa 1080, weka picha moja, jina, bei na saa ya mwisho ya oda. Kuondoa mandhari ya nyuma kwa mguso mmoja ni kwa wanaolipia, na ukipiga picha mbele ya chokaa hutakuhitaji. WhatsApp huibana picha inapotumwa, kwa hiyo maandishi membamba hupotea kwenye simu ndogo. Kama huwezi kuyasoma ukiwa umeishika simu kwa mkono ulionyooka, yaongeze. Picha za katalogi ziache bila maandishi kabisa. Bei ikibadilika utabadilisha tarakimu tu, bila kutengeneza picha upya.

Pochi au tili

Pochi la Biashara hufunguliwa kwenye simu yenyewe kwa *334#, bila karatasi, na hutenga pesa za biashara na zako za matumizi. Mteja huingia menyu ya M-Pesa, Lipa na M-Pesa, kisha Pochi. Tili huombwa kwa kitambulisho na PIN ya KRA, ile nambari ya mlipakodi. Hiyo ndiyo faida yote ya Pochi: wepesi wa kuanza.

Gharama inaegemea upande wa tili. Anayelipa kwa Pochi hukatwa ada ileile ya kumtumia mtu pesa. Anayelipa kwa tili hakatwi kitu. Anayekatwa ni muuzaji, yapata asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi. Chukua bei tatu za kawaida. Sahani ya shilingi 150: kwa Pochi mteja anaongeza 7, kwa tili hakuna anayekatwa. Oda ya 850: kwa Pochi mteja anaongeza 13, kwa tili muuzaji anatoa kama shilingi 4 na senti 70. Oda ya 1,800 ya visheti vya harusi: 33 kwa mteja upande mmoja, 9 na senti 90 kwa muuzaji upande wa pili. Shilingi saba inaonekana ndogo mpaka ukumbuke anayenunua kaimati za 150 kila jioni ya Ramadhani. Ada tu ingemtoa 210 mwezi mzima, na atakuja na noti mkononi ili aikwepe. Noti hiyo haitaingia kwenye hesabu zako.

Kupokea kwa nambari yako ya kawaida ndiyo njia mbovu kuliko zote. Mteja anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba arudishiwe, mkavutana wakati kitu kimeshaliwa. Anza na Pochi wiki hii ikiwa huna PIN ya KRA, na uombe tili mara tu utakapoipata.

Pengo, na jedwali la kuliziba

Sasa turudi kwenye "yakionekana kwangu". WhatsApp inajua nani ameagiza nini. M-Pesa inajua nani amelipa kiasi gani. Hizi mbili hazisemezani. Aliyeagiza kwa jina la Bi Fulani mara nyingi hulipiwa na mwanawe aliye Mombasa, kwa jina ambalo hulijui. Mwingine hulipa amana leo na baki keshokutwa. Wa tatu hutuma tena ujumbe wa wiki iliyopita, kwa kusahau au kwa makusudi. Ukitegemea kumbukumbu, kufikia oda ya ishirini umeshapotea.

Google Sheets ya bure inamaliza kazi hii kwa karatasi mbili ndani ya faili moja. Ya kwanza iite Oda, na mstari wa kwanza uwe na vichwa hivi: A nambari ya oda, B tarehe ya kukabidhi, C jina, D mahali, E bidhaa kwa maneno, F jumla, G kilicholipwa, H baki. Ya pili iite Malipo: A nambari ya oda, B nambari ya muamala wa M-Pesa, C kiasi, D ukaguzi.

Kwenye Oda, kisanduku G2 andika =SUMIF(Malipo!A:A,A2,Malipo!C:C) na H2 andika =F2-G2. Kwenye Malipo, D2 andika =COUNTIF(B:B,B2). Buruta fomula hizo chini mistari mia mbili. Amana na baki sasa kila moja ina mstari wake kwenye Malipo, na safu ya G huzijumlisha yenyewe. D ikionyesha 1, muamala ni mpya. Ikionyesha 2, ujumbe huohuo umetumika mara mbili, nawe utamuuliza mteja kwa adabu kabla hujafunga mkebe.

Ndiyo sababu tunataka ujumbe wa maandishi badala ya picha ya skrini: nambari ya muamala ina herufi na tarakimu kumi, na anayeinakili kwa macho huchanganya O na sifuri. Nakili na ubandike. Hata hivyo, ujumbe wa mteja ni wa kutafutia tu. Uthibitisho ni ujumbe uliokujia wewe, uliotoka kwa MPESA kwa jina hilo, au salio lenyewe la tili. Ujumbe wa "umepokea" uliotoka kwa nambari ya kawaida ni wa uongo, hata ukiwa umepangwa vizuri kiasi gani.

Yanayoharibika: mtu huandika 850/= kwenye safu ya pesa kama alivyozoea daftarini, na Sheets huyaona hayo ni maneno, isiyajumlishe. Andika 850 tupu. Pia nambari ya oda iwe ileile kwenye karatasi zote mbili. "41" na "oda 41" kwa Sheets ni vitu viwili tofauti. Mwisho, kwenye simu washa chaguo la faili kupatikana nje ya mtandao, ili uandike hata mtandao ukiwa umekwenda.

Daftari la karatasi? Linafaa mpaka oda kama kumi kwa siku. Baada ya hapo hulipati jibu la swali moja muhimu la saa kumi na moja alfajiri: nani anachukua leo, na nani bado anadaiwa? Kwenye Sheets ni kupanga safu ya B na kutazama H.

Mzigo wa Mokowe

Oda ya Malindi au Mombasa hupanda mashua hadi Mokowe, kisha buti la basi lenye joto. Achari ndiyo inayoadhibiwa. Acha sentimita mbili tupu juu ya chupa, kwani mafuta hupanda kwa joto. Pangusa mdomo wa chupa mpaka ukauke, tia karatasi ya plastiki juu ya mdomo kabla ya kifuniko, kaza, zungusha selotepu kufuata mkazo wa kifuniko, kisha isimamishe ndani ya boksi lililojazwa magazeti. Chupa ikilala, itavuja, hata uifunge vipi. Vileja visafiri ndani ya mkebe uliojaa kabisa, nafasi iliyobaki ijazwe karatasi, maana kinachovivunja ni kutikisika. Visheti vifungwe vikiwa baridi kabisa. Vikifungwa na joto, sukari hutoa jasho na kushikana, hasa majira ya kusi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mfuko wa nje uwe wa karatasi.

Mzigo ukishapokewa ofisini, piga picha risiti na umtumie mteja papo hapo. Nauli ya mzigo iwe na jibu lake la haraka, itajwe kabla ya malipo.

Google, kwa ufupi

Google Business Profile ni ya bure na inaleta wageni wanaotafuta "kofia Lamu" wakiwa bado kwao. Anayeuza nyumbani aseme anahudumia maeneo, kisha afiche anwani. Unaweza kutaja maeneo hadi 20. Uthibitishaji mara nyingi hufanywa kwa video: onyesha mtaa, mlango, vyombo vya kazi na bidhaa, bila kukata. Tovuti ndogo ya bure iliyokuwa ikija na huduma hii ilifungwa mwaka 2024, kwa hiyo mahali pa tovuti weka linki yako ya wa.me. Google hushauri eneo lako lisizidi mwendo wa saa mbili kwa gari. Kwa kisiwa cha punda na mikokoteni, tutawaachia wenyewe wajue wanapimaje.

Mikono miwili, simu moja

Unaweza kuunganisha vifaa vinne zaidi na akaunti ya WhatsApp, kwa hiyo binti akajibu kwa kompyuta wakati mama yuko jikoni. Simu kuu isipotumika siku 14, vifaa hivyo hutolewa. Udhaifu ni kwamba programu haionyeshi wazi nani anashughulikia mazungumzo gani, na wawili hujibu mteja mmoja bei mbili. Wekeni kanuni: anayejibu hubadilisha lebo kwanza. Na lebo ya "imelipwa" ibandikwe na mtu mmoja tu, yule mwenye simu ya tili.

Mauzo yakivuka shilingi 1,000,000 kwa mwaka, hadi 25,000,000, kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo, inayohesabiwa kabla ya kutoa gharama. Safu ya C kwenye Malipo itakuonyesha mapema unavyokaribia mpaka huo. Chakula kinahitaji leseni ya kaunti na cheti cha afya cha anayekishika, na duka kubwa litataka alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupanga chupa zako rafuni.

Kazi ya mwisho kabla ya Ramadhani: fungua Business siku kumi mapema, badilisha saa za kazi, andika tarehe ya mwisho ya oda za Idi kwenye ujumbe wa kukaribisha, na ficha kwenye katalogi kila kitu ambacho hutakipika mwezi huo. Siku ya kufunga oda ikifika, badilisha ujumbe huo jioni ileile. Programu itaendelea kukaribisha watu mpaka uiambie iache.